Kastadi ya Vikombe

Katika ukoo wetu kuna habari inayosimuliwa kila tunapokutana kwa harusi au matanga, nami nimechoka kuisikia. Husemwa kwamba baba yangu mzazi, aliyekuwa mpishi, alikufa kwa njaa ndani ya nyumba yake mwenyewe pale Werugha, huku mwanawe karani amesimama mlangoni akila pudini ya chokoleti iliyopikwa kwa ajili ya mgonjwa. Mara ya mwisho niliisikia kutoka kwa kijana ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa wakati huo. Aliisimulia kwa madaha mpaka watu wakacheka, kisha akanigeukia na kusema, "Pole, babu, ni mzaha tu."

Nimefanya kazi ya serikali tangu ujana wangu hadi kustaafu, na katika kazi hiyo niliona kwamba uongo mtupu ni rahisi kuuondoa. Kazi ni ule uliojengwa juu ya mambo ya kweli. Chokoleti ilikuwepo. Nilisimama mlangoni. Nilikula. Hayo sitayakana. Lakini waliokuwepo wote wamekwisha kutangulia isipokuwa mimi, na nisipoyaeleza yalivyotokea, maneno ya yule kijana ndiyo yatakayobaki.

Baba alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge huko chini, kwenye tambarare za Voi. Aliingia akiwa mwosha vyombo kabla sijazaliwa, akapanda hadi akashika jiko lote. Alipokuja nyumbani Werugha, juu milimani, kwa likizo hakupika. Watu wengi hawalielewi jambo hilo. Jiko la nyumbani lilikuwa la mama, mafiga matatu na moshi wake, naye hakulisogelea, kama vile mama asingeweza kuingia katika jiko la shamba la mkonge na kuanza kufunua masufuria. Sisi watoto hatukuwahi kuonja upishi wake hata mara moja. Tuliujua kwa harufu tu, harufu ya siagi na vanila iliyokuwa imekaa katika koti lake, na mimi nilikuwa nikiingiza uso katika koti hilo lilipoangikwa ukutani.

Nyumbani tulisema Kidawida, lugha ya kwetu. Lakini baba alipozungumza habari za jikoni alikiacha Kidawida na kusema Kiswahili, kwa sababu kazi ile alifundishwa kwa Kiswahili, na nadhani maneno yake mengine hakuyajua kwa lugha nyingine yoyote. Basi akiwa katikati ya maneno ya shamba na ng'ombe, ghafla ungesikia, "Sosi ikishika chini, usikoroge. Mimina katika sufuria nyingine, ya chini iache." Mama alikuwa akicheka na kusema, "Haya, amerudi kazini."

Meneja yule alipoondoka nchini, katikati ya miaka ya hamsini, baba naye aliacha kazi akapanda milimani moja kwa moja. Bibi wa nyumba alimpa vikombe vya kastadi. Vilikuwa vikombe vyeupe vya kaure, vidogo, visivyo na mkono, kila kimoja cha kumtosha mtu mmoja. Vingine vilikuwa vimemeguka ukingoni. Baba alivipanga juu ya rafu. Baada ya muda mama alitia chumvi katika kimoja na mbegu za maharagwe katika vingine.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipoviona kwa mara ya kwanza aliinua kimoja akakitazama ndani na nje.

"Hivi ni vya dawa?"

"Ni vya kastadi," baba alisema. "Unaweka matunda chini, unamimina maziwa na mayai na chokoleti juu, unaoka. Kila mtu anapata chake."

"Kila mtu na chake? Hakuna kugawana?"

"Hakuna."

"Basi hicho ni chakula cha wachoyo," shangazi akasema, akakirudisha.

Ieleweke kwamba sisi tulilelewa katika nyumba ambamo kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kilipakuliwa katika chombo kimoja, watu wakakizunguka. Mtu aliyekula peke yake alikuwa na la kujieleza. Shangazi hakuwa mtu mbaya; alisema kama ambavyo mtu yeyote wa rika lake angesema. Nalitaja hili kwa kuwa litarudi.

Nilimwuliza baba siku ile kama kastadi ni tamu. Alifikiri. Akasema kwamba iliposhika vizuri ilikuwa sawa.

"Lakini tamu, baba?"

"Mpishi anaonja, mwanangu. Mpishi hali." Akanionyesha: ncha ya kijiko kidogo, ulimi, kisha kijiko kinawekwa kando. "Ikiwa sawa, unasema, 'Peleka mezani.' Basi. Haikuhusu tena."

Miaka yake yote pale alikuwa ameonja ncha za vijiko.

Ugonjwa ulimwanzia kooni. Kwanza alikuwa akikohoa anapokula ugali, kisha akauacha ugali. Akauacha muhogo, akaacha viazi. Mimi wakati huo nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ya serikali pale Voi, bado sijaoa, nikiishi katika chumba nilichopanga kwa mama mmoja wa Kiislamu karibu na stesheni. Nilipanda nikamchukua baba nikampeleka hospitali. Daktari alimwangalia, akanitoa nje na kuniambia kwamba kuna uvimbe, kwamba hauko mahali pa kukatwa, na kwamba nimrudishe nyumbani nimpe vitu laini. Alisema kwa upole. Nilimwuliza vitu laini vipi. Akasema, "Chochote kitakachopita."

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Chakula kigumu hakikupita. Chembamba nacho, kama maziwa au uji mwepesi, kilikimbilia njia ya pumzi, baba akapaliwa mpaka macho yakamtoka, na baada ya mara chache akaanza kuogopa kikombe. Kila nilipopanda kutoka Voi nilimkuta amepungua. Mama alikuwa akipika uji mzito, akiuponda, akiuchuja, akiuonja, naye baba anafunga mdomo kama mtoto. Shangazi alihamia kwetu amsaidie mama. Yeye alikuwa na maoni kwamba baba anadeka.

Siku moja, nikiwa nimekaa kitandani kwake, baba aliniambia kwa Kiswahili, "Kastadi ingepita."

Mama alikuwa karibu, akasikia. Tulitazamana. Hakuwa ameomba chakula chochote kwa muda mrefu.

Nilirudi Voi nikaomba likizo nikapewa. Nikaenda duka la Mhindi lililokuwa mkabala na stesheni, nikaagiza sukari nyeupe na chokoleti. Mwenye duka alinifahamu.

"Karani, unaoa?"

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa anakula chokoleti? Na mimi naomba kuugua." Kisha akanitazama usoni, akaacha mzaha. "Ya kipande usichukue. Kwa joto hili la Voi itakuwa uji kabla hujafika kwenye lori. Chukua kakao ya kopo. Ndiyo hiyo hiyo."

Nikachukua kakao. Nikapanda lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, nikalikumbatia lile kopo njia nzima, tukapita Mwatate, tukapanda mizunguko yote hadi kwenye ukungu. Matunda ya kuweka chini, mapichi, yalikuwapo; mpichi ulikuwa nyuma ya nyumba yetu na wakati ule ulikuwa unaivisha. Mayai yalikuwapo. Ng'ombe alikuwa anakamwa. Nilijiona nimekamilisha kila kitu. Ofisini, ukishakamilisha viambatisho vyote, jambo linakwenda.

Kitanda cha baba tulikisogeza karibu na mlango wa jiko ili aone. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, kwa hiyo alisema maneno machache machache, nami nikayatenda. Mapichi yamenywe, yakatwe, yachemshwe na sukari mpaka maji yake yakauke kabisa, maana maji ya tunda yakibaki chini hukata maziwa. Maziwa yapashwe moto pamoja na kakao na sukari, yasichemke. Mayai yapigwe polepole, yasitoe povu. Kisha maziwa yamiminwe juu ya mayai kidogo kidogo, yachujwe, ndipo yaingie katika vikombe. Vikombe visimame ndani ya sufuria yenye maji ya moto hadi nusu ya kimo chao, sufuria ifunikwe.

Mama alikuwa ameviosha vikombe, ametoa mbegu na chumvi. Alinipa maziwa. Nilipoyapasha moto na kakao, baba aliinua kichwa.

"Maziwa haya yametoka kibuyuni."

"Ndiyo," mama akasema. "Yatoke wapi?"

Wasomaji wa siku hizi wanunuao maziwa ya pakiti huenda hawajui. Kibuyu cha maziwa kwetu husafishwa kwa kijinga cha moto. Mti wenyewe huchaguliwa, na kijinga huzungushwa ndani hadi kibuyu kinukie. Maziwa hayaharibiki haraka, nayo huchukua harufu ya moshi ambayo kwetu ndiyo harufu ya maziwa. Mtu akipewa maziwa yasiyo nayo husema hayana ladha.

"Yananuka moshi," baba akasema.

"Umeyanywa maziwa ya kibuyu changu tangu uliponioa!"

"Nimeyanywa. Sijayapeleka mezani."

Mama aliweka mwiko chini akatoka nje. Nilidhani ameudhika, nami nikamfuata, nikamkuta amesimama karibu na zizi akicheka na machozi yanamtoka, akaniambia, "Leo amenigombeza. Umesikia? Amepata nguvu ya kugombeza." Akaenda kukama ng'ombe moja kwa moja katika sufuria iliyooshwa kwa maji ya moto.

Tulianza upya. Safari hii maziwa yalikuwa safi, mayai hayakutoa povu, nikamimina kama nilivyoambiwa. Nikapanga vikombe ndani ya sufuria kubwa, nikaiweka juu ya mafiga. Lakini ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, na kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza, moto haukushika. Nikapuliza tena, ukashika wote kwa mara moja. Nilisikia vikombe vikigongana ndani ya sufuria. Nikavuta kuni, moto ukafa. Nikarudisha, ukalipuka. Baba alikuwa akisikiliza ile milio na kufumba macho kila vikombe vilipogongana.

Nilipofunua, kila kikombe kilikuwa na matundu kama sifongo, na maji ya rangi ya udongo yamejitenga pembeni. Nilimpelekea kimoja. Hakukishika. Alikiangalia tu.

"Imelia," akasema.

"Inalika, baba. Nimeonja. Ladha ni nzuri."

"Imelia." Akageuza uso.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya maharagwe. "Mgonjwa anakataa chakula kwa kuwa kina matundu! Na ugali je, haujawahi kuwa na matundu? Nipe hicho." Alikila chote mbele yetu, akafuta kinywa. "Kitamu. Kinanuka kama sabuni ya wageni, lakini kitamu. Basi mfungueni mdomo mumpe, huyu anatuchezea."

"Hakuna atakayemfungua mtu mdomo," mama akasema.

"Basi mtamzika na adabu zake."

Nilimwuliza baba tufanye nini kuhusu moto. Kule shambani, alieleza, palikuwa na jiko la chuma lenye mlango. Alikuwa akiingiza mkono ndani, na mkono ulimwambia. Nikamwuliza: na hapa, juu ya mafiga? Alitazama mafiga ya mama, ambayo alikuwa ameishi nayo maisha yake yote bila kuyagusa.

"Sijui," akasema. "Jiko hili silijui."

Sijawahi kusikia neno lililonivunja nguvu kama hilo. Nilikuwa nimedhani kwamba mambo yote ya upishi yamo ndani yake, na kwamba kazi yangu ni kuyatoa tu kabla hayajafungiwa humo. Kumbe mengine alikuwa ameyaacha ndani ya lile jiko la chuma huko chini, na jiko lilikuwa mali ya watu wengine.

Nilijaribu tena kesho yake na ikalia. Nilijaribu kwa moto mdogo, haikushika kabisa. Ikabaki maziwa ya kahawia yenye vipande vya tunda. Mayai yalipungua, tukawa tunaomba kwa majirani, na majirani wakaja kuona yanatumika kwa nini. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na mgeni wa mgonjwa haondoki bila kutia kitu kinywani. Kwa hiyo kila kastadi iliyoharibika iliishia kwa wageni, ambao waliisifu. Yule aliyehitajika aile alikuwa akiitazama na kugeuza uso. Nilimwomba. Nilimwambia kwa Kidawida kwamba hapa si kwa meneja, hakuna meza, hakuna bibi, ni mimi tu. Alinishika mkono kwa huruma, kama kwamba mimi ndiye mgonjwa, lakini kinywa hakukifungua. Usiku nilikuwa nikilala nikimsikia anavyomeza mate kwa shida, nami sina ninaloweza.

Msaada ulitoka mahali ambapo nilikuwa nikipita kila siku. Yule mama mwenye nyumba wangu wa Voi alikuwa akioka mkate wa mayai mwezi wa Ramadhani uani, bila jiko la chuma. Nilikuwa nikimwona anatandaza makaa machache chini ya sufuria, anaifunika kwa sinia, kisha anapalia makaa mengine juu ya sinia. Sikuwa nimelitia maanani. Nilikuwa nikisubiri kipande changu tu. Nilimweleza baba. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha mkono wake ukatoka chini ya blanketi, akaufungua kiganja chini, akaugeuza kiganja juu.

"Joto la chini na joto la juu," akasema. "Ndiyo hiyo. Ndiyo oveni."

Kwetu watu walipikia kuni. Nilishuka hadi Wundanyi kutafuta makaa, nikapanda na gunia mgongoni, nikiwa na suruali yangu ya ofisini. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Watu walipotoka kanisani walipitia kwetu kumwona mgonjwa, wakajaa ndani na nje, nami nilikuwa nimekwisha kupanga vikombe. Chini makaa kidogo, juu kidogo zaidi. Juu ya vikombe nilitandaza jani la mgomba ili mvuke usidondoke ndani. Baba aliamuru mara mbili nipunguze ya chini. Vikombe havikugongana. Hapakuwa na mlio wowote kutoka ndani ya sufuria, na wageni nao wakanyamaza, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa sisi tulikuwa tumenyamaza.

Nilipoondoa sinia, kastadi ilikuwa imeshika. Uso wake ulikuwa laini, wa rangi ya mbao iliyopigwa msasa, na nilipokigusa kikombe katikati yake palitetemeka kidogo kisha pakatulia. Sikuwahi kukiona kitu hicho kikiwa sawa, lakini nilijua.

Tuliiacha ipoe. Baba aliomba maji anawe mikono. Aliomba koti lake. Mama alilitoa ukutani, akamvika akiwa ameketi kitandani; lilikuwa kubwa juu yake kama koti la mtu mwingine. Nikamletea kikombe juu ya kisahani na kijiko kidogo. Alikizungusha akakitazama pande zote. Alichota ncha ya kijiko, akaiweka juu ya ulimi.

Tulingoja. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Imepita. Mama alinifinya mkono.

"Iko sawa," baba akasema. Akaweka kijiko kando ya kisahani.

"Endelea, baba."

Akatazama juu, si kwangu, bali mahali fulani nyuma yangu, akasema kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue:

"Peleka mezani."

Mama alimsihi. Mimi nilimsihi. Shangazi akasema, "Meza iko wapi? Mnamsikia? Meza gani?" Baba hakukasirika. Alieleza polepole, kama mtu anayemweleza mwosha vyombo mpya, kwamba mpishi hali ikiwa walio mezani hawajala. Hivyo sivyo kazi inavyokwenda. Nikashika neno hilo kwa mikono miwili. Niliwaza: basi wakila, atakula. Nikawagawia wageni, kila mtu na chake. Vikombe havikutosha, wengine wakakubali kupokezana, na mzee mmoja wa kanisa akapata chake peke yake akawa anakificha. Shangazi alipewa chake pia. Wakala. Baba alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, akisikiliza vijiko vikikwaruza chini ambako kulikuwa na mapichi. Chake mwenyewe tulikifunika kwa kisahani, tukakiweka rafuni.

"Wamemaliza?" akaniuliza.

"Wamemaliza, baba."

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni tamu sana."

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. "Vizuri." Akajilaza na koti lake, akasinzia kabla wageni hawajaondoka.

Hii ndiyo karamu ambayo wengine huiongeza katika ile habari ya ukoo. Ilikuwa mchana, mlango u wazi, kwa amri ya mwenye nyumba. Aliyeiamuru alikuwa na akili zake timamu, na ninasema hivyo kwa kuwa wapo waliodai kwamba alikuwa anaweweseka.

Asubuhi yake shangazi alikwenda kuteka maji na mama alikuwa zizini. Nilikitoa kile kikombe rafuni. Usiku wa Werugha ni baridi, na kastadi ilikuwa imezidi kushika, nzuri kuliko jana. Nilikaa kitandani, nikamwinua baba, nikamwambia, "Mezani wamekwisha kula. Sasa ni zamu ya mpishi."

Alitabasamu. Alifungua kinywa. Nilimpa kijiko kamili, si ncha, pamoja na kipande kidogo cha pichi.

Kilikaa kinywani. Niliona anajaribu. Shingo ilijikaza, mishipa ikasimama, machozi yakamtoka kwa ile juhudi. Nikamwambia acha, baba, acha, naye akanionyesha kwa kidole ningoje. Akajaribu tena. Mwishowe alichukua kitambaa, akageukia ukutani ili nisione, akatoa kila kitu taratibu bila sauti, akakunja kitambaa vizuri, akafuta midomo.

"Haipiti," akasema. Alisema kwa Kidawida. Halafu, kwa Kiswahili, "Si kosa la kastadi."

Sikujua la kufanya na kile kikombe. Nilikishika tu. Nadhani nilisema nitakimwaga, au nitampa paka. Nilisema kitu cha namna hiyo, kwa hasira, nami sijui hasira ilikuwa kwa nani.

"Usimwage," baba akasema. "Iko sawa. Haimwagwi." Akanitazama. "Wewe jana hukula. Nilikuona. Ulikuwa unagawa."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimeonja hata ncha.

"Kula," akasema. "Nione."

Nilikula kijiko kimoja mbele yake. Alinitazama usoni kama alivyowatazama wageni, akitaka kujua. Kijiko cha pili nilishindwa kukila mbele yake, kwa sababu uso wangu ulikuwa unaanza kuniponyoka, na yeye alikuwa akitazama kama ni tamu. Nikasimama, nikaenda hadi mlangoni, nikampa mgongo. Alisikia kijiko kikigonga kaure, hilo lilimtosha. Nikaendelea. Nilichota vijiko vikubwa ili viishe upesi. Ilikuwa tamu. Miaka yote hii sijapata kula kitu kitamu kama kile, na nilikuwa nikikimeza kwa nguvu kama mtu anayemeza dawa.

Shangazi alitokea kwenye ukungu, mtungi wa maji kichwani. Alisimama uani. Aliniona mimi, nimesimama mlangoni, kikombe cha mgonjwa mkononi, kile tulichokifunika yeye akituona. Nyuma yangu, ndani, baba alikuwa akikohoa.

Aliuliza, "Unakula nini?"

Kinywa changu kilikuwa kimejaa. Sikuweza kumjibu.